MPANGO WA MWAKA WA SHULE, NA KAZI YA KILA SIKU DARASANI

Katika habari hii twataka kusema na walimu wa madarasa ya kwanza, na wazee na viongozi wa mitaa na vijiji, na wazazi wote wajuao kusoma, juu ya jambo moja: namna ya kuupanga mwaka wa shule kwa mada, mada moja kwa majuma manne, na namna ya kuigawa siku darasani hata mtoto ajue lipi litafuata lipi. Mfano wetu twautwaa Bangwe, ncha ya nchi iingiayo ziwani kusini ya ghuba ya Kigoma, kwa sababu hapo kazi ya shule na kazi ya ziwa hugombania watoto kila asubuhi. Lakini tutakayoyasema yaweza kufaa hata katika nchi ya pamba, kahawa au ng'ombe, mwalimu akibadili mifano.

SHIDA YENYEWE

Mtu akisimama mwaloni alfajiri, siku za giza la mwezi, huona vyombo vikirudi, taa zikizimwa, na wanawake wakingoja na ndoo na mabeseni. Dagaa hununuliwa, hutandazwa mchangani au juu ya chanja, hugeuzwa, hulindwa na ndege. Kazi hiyo yataka mikono mingi, na mikono ya watoto ipo karibu. Mtoto wa miaka 8 akiwa mwaloni hajifunzi uvivu. Ajua kuhesabu ndoo, ajua kumtenga dagaa na mgebuka mchanga, ajua upepo gani huleta mawimbi. Kisha huenda shuleni akafundishwa maneno ya vitu asivyoviona, na kila kipindi kimekatika peke yake, hakina undugu na kilichotangulia wala na kitakachofuata.

Mtoto huyo akikosa siku mbili, hukuta somo limempita. Akikosa juma zima, huona haya mbele ya wenziwe. Akiona haya, hujificha. Na akijificha sana, jina lake hubaki katika daftari bila mwenyewe. Ndivyo mtoto apoteavyo, si kwa siku moja bali kidogo kidogo, naye hafiki mwisho wa darasa la pili akijua kusoma barua ya ndugu yake. Kweli, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule. Lakini sheria humfikisha mtoto mlangoni tu. Kumkalisha ndani ni kazi ya somo lenyewe.

MADA NI NINI

Mada ni jambo moja kubwa la maisha ambalo masomo yote hulizunguka kwa muda, kama watu wazungukavyo moto mmoja. Si somo jipya la kuongeza juu ya mengine, maana mwalimu hana saa za ziada. Ni kamba ya kufunga kuni zilizokwisha kukatwa. Kusoma ni kule kule, kuandika ni kule kule, hesabu ni zile zile. Ila katika majuma manne yote husema habari ya jambo moja.

Faida yake kubwa kwa watoto wa mwaloni ni hii. Mada ikidumu majuma manne, mtoto aliyekosa siku mbili hurudi akakuta mazungumzo ni yale yale aliyoyaacha. Ukutani kuna picha aliyoichora, ubaoni kuna maneno anayoyatambua. Mlango haukufungwa nyuma yake.

Shauri hili si geni. Huko Chicago, Marekani, mwaka 1896 mwalimu John Dewey alifungua shule ambayo watoto walijifunza kwa kupika, kufuma na kuseremala, na kutoka kazi hizo wakaingia katika hesabu na elimu ya viumbe. Hapa Afrika Mashariki, mwaka 1924, walipita wajumbe wa Phelps-Stokes kutazama shule, na mmoja wao alikuwa Mwafrika, Dr. Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana. Walishauri ya kuwa elimu ipatane na maisha ya kijiji. Mwaka 1925 ikaanzishwa Kabete, Kenya, shule ya Jeanes ya kuwafundisha walimu watakaozungukia shule za vijijini. Mwaka 1928 Bwana W. B. Mumford akaanza shule ya Malangali, nchi ya Iringa, akawaita wazee waje kuwafundisha wanafunzi mambo ya kwao. Baadaye, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitoa maandiko ya Elimu ya Kujitegemea. Na mapema katika miaka ya 1970 shule ya Kwamsisi, mkoani Tanga, ikajaribu kuyaunganisha masomo na kazi za kijiji, ikisaidiwa na Chuo cha Ualimu cha Korogwe.

Lakini yapasa tuseme na upande wa pili. Zamani zile za ukoloni wazazi wengi waliingiwa na shaka. Waliuliza: "Je, watoto wetu wapewa elimu ya jembe ili wasiifikie kalamu?" Swali hilo halikuwa la ujinga. Na baada ya mwaka 1967, katika shule nyingi shamba likawa kazi ya mikono tu: watoto walilima, kisha wakaingia darasani kusoma mambo mengine kabisa. Basi fundisho letu ni hili: mada ya ziwa haimfundishi mtoto kuwa mvuvi. Yamfundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kupitia ziwa, ili baadaye achague mwenyewe kuwa mvuvi, au mganga, au nahodha, au karani.

KUUPANGA MWAKA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku za shule nazo ni mali. Mwaka wa masomo una siku 194, nazo ni majuma 39 kasoro siku moja. Mwalimu akitoa juma la kwanza la kuzoeza watoto taratibu, na majuma mawili ya marudio na mitihani, humbakia majuma 36. Nayo ni mada 9 za majuma manne manne. Kwa shule ya Bangwe twashauri hivi:

1. Nyumba yetu na shule yetu (Januari hadi Februari).
2. Mvua na shamba (Februari hadi Machi), mahindi na maharage yangalipo machoni pa watoto.
3. Maji safi na afya (Machi hadi Aprili), maana mvua huleta mbu, na maji machafu huleta kipindupindu.
4. Mchikichi na mawese (Aprili hadi Mei).
5. Ziwa na samaki (Julai), wakati wa kiangazi na upepo wa kusini.
6. Reli, meli na safari (Agosti).
7. Ujiji na habari za kale (Septemba).
8. Msitu na wanyama (Oktoba). Watu wa Gombe ni jirani zetu, na hifadhi hiyo ni ya taifa tangu mwaka 1968.
9. Soko na fedha (Novemba).

Likizo za katikati na ile ndefu ya Juni huangukia kati ya mada. Mwalimu asikubali mada ikatwe na likizo ikiwa aweza kuepuka, kwa kuwa mtoto mdogo hawezi kuushika uzi uliolala mwezi mzima.

Baada ya kuziandika mada, atwae muhtasari wa serikali, hasa wa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, aandike kila umahiri utakiwao katika darasa lake, kisha auweke chini ya mada ifaayo. Kupima urefu na uzito kwafaa katika samaki na shamba. Kuandika barua kwafaa katika safari. Fedha kwafaa katika soko. Jambo lisilopata mada lisisukumwe kwa nguvu. Lifundishwe peke yake. Hivyo azimio la kazi litakuwa moja, wala mwalimu hatakuwa na vitabu viwili vya mipango, kimoja cha mkaguzi na kimoja cha kweli.

Jambo moja zaidi la pwani ya ziwa ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na nguvu za jua. Mbalamwezi ikiwaka, taa hushindwa, na wavuvi wengi hupumzika siku chache. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu, kwa hiyo siku za giza husogea katika kalenda ya shule kila mwezi. Sisi tuliozoea kazi ya daftari twamshauri mwalimu achore duara jeusi juu ya siku za giza katika kalenda yake, na duara jeupe juu ya siku za mbalamwezi. Akilinganisha na mahudhurio kwa miezi mitatu, atajua mwenyewe ni asubuhi gani watoto huchelewa au husinzia. Kisha jambo jipya lililo gumu, kama kutoa kwa kukopa, aliweke katika siku za duara jeupe. Na marudio, michoro na kazi za nje aziweke katika siku za duara jeusi. Hii si ruhusa ya kukosa shule. Ni busara ya nahodha ambaye huutazama upepo kabla ya kutweka tanga.

MFANO WA MADA MOJA: ZIWA NA SAMAKI

Juma la kwanza ni la ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 na zaidi kidogo, na kina chake kikubwa ni yapata meta 1,470. Duniani ni ziwa moja tu lizidilo kina chake, nalo ni Baikal katika Urusi. Nchi nne zalishiriki: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Watoto wadogo wachore ziwa mchangani na kuziweka nchi hizo nne mahali pake. Walio wakubwa waulizwe: mtu aendaye kilometa 30 kwa siku atalimaliza kwa siku ngapi? Watapata siku 22 na kipande cha siku ya 23.

Juma la pili ni la samaki. Silabi za juma zitoke humo: da na ga katika dagaa, sa katika sangala, ku katika kuhe, mi katika migebuka. Mwalimu awaulize watoto habari za jana mwaloni, ayaandike ubaoni maneno yao wenyewe katika sentensi fupi: Baba anavua dagaa. Mama anaanika dagaa. Jua linawaka. Kunguru anakuja. Mtoto atasoma upesi yale aliyoyasema kwa kinywa chake. Wengi wao nyumbani husema Kiha, au Kibembe, au lugha nyingine. Basi mwalimu asiwakaripie, bali awape neno la Kiswahili na kuliandika.

Juma la tatu ni la kupima. Darasa lipate kilo 4 za dagaa wabichi, liwapime, liwaanike, liwapime tena wakiwa wakavu. Uzito uliopungua umekwenda wapi? Hapo pana hesabu ya kutoa, na pana elimu ya maji na jua, na watoto watabishana sana. Mwalimu awaache wabishane kabla ya kuwaeleza.

Juma la nne ni la kulitunza ziwa. Mwaka 2024, tangu 15 Mei hata 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa shauri la nchi zinazolishiriki, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Kila mtoto wa Bangwe aliyekuwa na akili wakati huo akumbuka miezi ile, maana iligusa sufuria ya nyumbani. Mwalimu aulize: Kwa nini ziwa lilifungwa? Nani alipata hasara, na nani atapata faida? Darasa la nne na la tano waandike majibu yao. Mwisho wa juma, mvuvi mzee aalikwe aje kusema na watoto, nao wamwulize maswali waliyoyatayarisha.

Mada nyingine hufuata njia hiyo hiyo. Katika safari, watoto watajifunza ya kuwa reli itokayo Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na ya kuwa meli Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikaletwa ndani ya masanduku, ikaundwa tena Kigoma. Ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Katika habari za kale watakwenda Ujiji kwa miguu, waone mahali panapokumbukwa kuonana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871. Lakini wasiambiwe habari za wageni wawili tu. Waambiwe na habari za wapagazi waliobeba pembe, na za watumwa waliopitishwa njia ile kwenda pwani, na za Wamanyema na Waha na Waswahili walioujenga mji.

SIKU DARASANI

Siku njema huonekana asubuhi. Mada hubadilika kila majuma manne, lakini mwendo wa siku usibadilike. Mtoto mdogo hutulia akijua lijalo. Kwa darasa la kwanza na la pili, ambako kipindi ni dakika 30, twapendekeza hivi:

Saa 1.30: usafi wa uwanja na darasa, mstari na ukaguzi.
Saa 2.00: duara la asubuhi, dakika 15.
Saa 2.15: kusoma.
Saa 2.45: kuandika.
Saa 3.15: hesabu.
Saa 3.45: mapumziko na uji.
Saa 4.15: kazi ya mada, nje ikiwezekana.
Saa 4.45: nyimbo, michoro, ufinyanzi na michezo.
Saa 5.15: hadithi na kuagana, dakika 15.

Duara la asubuhi ni dogo lakini lina nguvu. Mtoto mmoja hutaja siku na tarehe. Wa pili husema hali ya mbingu na upepo. Wa tatu huchora umbo la mwezi wa jana katika kalenda ya ukutani. Kisha huhesabu wenzao: tuko 62, leo tupo 55, hawapo 7. Hiyo ni hesabu ya kweli, maana kila mmoja wa wale 7 ana jina, na wote wajua anakokaa.

Darasa likiwa kubwa, mwalimu aligawe makundi manne, ayape majina ya samaki: Dagaa, Migebuka, Kuhe na Sangala. Wakati wa kusoma, kundi moja husoma mbele ya mwalimu, la pili hunakili sentensi, la tatu hupanga kadi za silabi, la nne husomeana wawili wawili. Kesho yake hubadilishana. Kadi zaweza kukatwa katika maboksi ya dukani, na vihesabio vyaweza kuwa kokwa za chikichi na kome za ufukoni. Kila kundi liwe na kiongozi, na kazi yake moja ni hii: mtoto aliyekosa jana akirudi, yeye humweleza yaliyofanyika kabla mwalimu hajaingia. Hivyo haya humwondoka upesi.

MAMBO MATATU YA KUJIHADHARI

Kwanza, mada isile ngazi ya kusoma. Silabi zina mpango wake, na hesabu zina mpango wake. Mtoto hawezi kuruka daraja kwa sababu ngoma ya samaki ilikuwa nzuri. Kila Ijumaa mwalimu asikilize watoto watano au sita, mmoja mmoja, aandike nani asoma na nani akariri tu.

Pili, kazi ya mada isigeuke kuwa kibarua. Watoto waanike dagaa wa kupima, si dagaa wa kumtajirisha mtu. Wala wasiingie majini wala ndani ya chombo bila ruhusa ya wazazi na mtu mzima wa kuwatunza.

Tatu, mwalimu asijidai kujua yote. Juu ya nyavu na pepo, mvuvi asiyejua kusoma aweza kumfundisha. Mwalimu akimheshimu mbele ya watoto, mvuvi naye ataiheshimu shule.

KAZI YA WAZEE NA VIONGOZI

Mpango huu hauwezi kusimama juu ya mwalimu peke yake. Viongozi wa mtaa waweza kukaa na wenye vyombo na wanunuzi wa dagaa, wakapatana ya kuwa ifikapo saa 1 asubuhi hakuna mtoto wa shule apewaye kazi mwaloni. Wazazi waweza kuchanga unga wa uji, maana aliyeamka na njaa hasikii habari ya silabi. Na kila mwanzo wa mada mwalimu abandike orodha ya maneno na maswali yake mlangoni, ili baba na mama waulize jioni: "Leo mmejifunza nini juu ya ziwa?" Mzazi asiyejua kusoma naye aweza kuuliza, na mtoto ataona fahari kumjibu.

Samaki mkunje angali mbichi. Miaka miwili ya kwanza ndiyo ya kumkunja mtoto apende kitabu. Ikipita, huwa mkavu, na kumrudisha ni kazi kubwa. Basi, ndugu walimu, Januari ijapo msianze kwa chaki. Anzeni kwa karatasi moja, mchore majuma 39, muweke mada 9, na juu yake muweke miezi ya giza na ya mbalamwezi. Kisha karatasi hiyo muwaonyeshe wazee wa mahali, muwaulize kama mmepanga sawasawa.